Binti Niliyemwacha Nje ya Orodha



Ndugu wasomaji, nilipokuwa kidato cha kwanza mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha "who", "which" na "that". Maneno kama "can", "may", "must" na "should" tulikuwa tumeyaanza mapema zaidi. Kila somo lilikuwa na zoezi lake, nami nilipata alama nzuri katika yote. Sikujua kwamba maneno hayo yakikutana katika sentensi moja yanaweza kumgharimu mtoto wa mtu mwaka mzima wa shule. Hilo nilikuja kulijifunza Bukene, katika mwaka wangu wa kichungaji.

Aliyewahi kusafiri kwa treni kati ya Tabora na Mwanza anaifahamu Bukene. Ni mji mdogo wa wilaya ya Nzega wenye stesheni, na mvua zikinyesha vizuri watu huamkia kwenye majaruba ya mpunga. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla yake watu wa Unyamwezi walitembea kwa miguu na mizigo mabegani, kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na katika safari hizo wengi walirudi nyumbani na Kiswahili. Kwa hiyo kuishi kati ya lugha mbili au tatu si jambo geni huku. Mgeni wa lugha nilikuwa mimi, niliyedhani Kiingereza nakijua.

Mwezi wa kumi na moja paroko aliniita ofisini. Wafadhili fulani wa ng'ambo walikuwa wameandika barua pepe fupi. Akaniambia, "Frateri, Kiingereza chako bado kibichi, changu kimeshapata kutu. Wajibu hawa." Barua iliomba majina ya "pupils who may not join Form One in January". Niliisoma mara moja tu, nikaona nimeelewa.

Na kweli nilielewa, ila nilielewa kama mseminari. Nilikosomea mimi, sheria za nyumba zilibandikwa ubaoni kwa Kiingereza, na karibu kila mstari ulikuwa na "may not": wanafunzi hawaruhusiwi kutoka nje ya uzio, hawaruhusiwi kuongea baada ya kengele ya usiku. Kwa miaka mingi "may not" kwangu ilikuwa sauti ya gombera. Kwa hiyo niliposoma sentensi ile nilisikia: "wanafunzi wasioruhusiwa kujiunga na Kidato cha Kwanza". Nikasema moyoni, hao ni wale ambao hawakufaulu mtihani wa darasa la saba. Nikapanda baiskeli, nikazunguka vigango, nikaandika majina saba ya watoto ambao hawakuchaguliwa. Wazazi wao niliwaambia wasikate tamaa, kuna watu wema wanawafikiria.

Katika mzunguko ule nilifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike. Binti alikuwa amefaulu na kuchaguliwa. Bibi akaniuliza kama lile daftari langu lina nafasi ya jina la mjukuu wake, maana shule ya kata iko mbali na mtoto angehitaji kupangishiwa chumba, kununuliwa sare, godoro na madaftari. Ni kweli ada ya sekondari za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016, lakini godoro halikuondolewa. Nikamjibu kwa upole, "Hapana Bibi, hii ni ya waliokosa. Wewe mshukuru Mungu, wako amefaulu."

Jibu la wafadhili lilikuja mwezi wa pili. Waliandika kwa heshima kwamba wanashangaa. Walitaka watoto waliochaguliwa ambao huenda wasiende kwa sababu ya umaskini wa nyumbani. Kwa watoto ambao hawakuchaguliwa hawakuwa na mpango wowote, na fedha za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwingine.

Nilikwenda kwa bibi siku hiyo hiyo. Nilimkuta amerudi kutoka jarubani, miguu ina tope. Nikamwamkia kwa Kinyamwezi changu cha kuokoteza, "Mwangaluka," ingawa jua lilikuwa linazama. Akacheka, akanipa kigoda. Binti hakuwepo. Alikuwa amepanda treni kwenda Mwanza kufanya kazi za ndani. Nikaeleza kila kitu: barua, neno lile, kosa langu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Frateri, sisi tulipoambiwa mtoto amefaulu tulijua anaruhusiwa. Tulichokuwa hatujui ni kama atakwenda. Hilo ungetuuliza sisi, tungekuambia."

Bibi yule hakusoma Kiingereza hata siku moja, lakini alitenganisha kwa sentensi mbili kile nilichokichanganya mimi. Kuna kuruhusiwa, na kuna kutokuwa na hakika. Kiingereza kinaweza kuyaweka yote mawili chini ya "may not" na kumwachia msomaji aamue. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo. Ukitaka kusema habari ya ruhusa, utasema "asiyeruhusiwa kujiunga", na ile "ye" ya urejeshi inaingia ndani ya kitenzi bila taabu. Ukitaka kusema habari ya mashaka, utatumia "huenda", na "huenda" halikubali kuvishwa "ye". Itakubidi umwite "ambaye": "mwanafunzi ambaye huenda asijiunge". Kama ningejilazimisha kuiandika sentensi ile kwa Kiswahili kabla ya kupanda baiskeli, ningefika kwenye njia panda na kusimama. Nisingeweza kupita bila kuchagua, na pengine ningeuliza.

Tangu siku hiyo nimezitazama kwa makini sentensi za namna hii, na ziko kila mahali. Mtu akisema "a man who could help us", je, ni mtu aliyeweza kutusaidia zamani, au ni mtu ambaye angeweza kutusaidia leo kama tungemwomba? Akisema "the catechist, who must be tired", hamwamuru katekista achoke. Anasema kwamba bila shaka amechoka. Lakini "the catechist who must be present" ni yule anayetakiwa awepo, apende asipende. Njia yangu siku hizi ni nyepesi. Nikikuta "may not" baada ya "who", najaribu kuweka "might not" mahali pake. Maana ikibaki ile ile, mwandishi anazungumzia mashaka. Ikiharibika, anazungumzia katazo. Halafu najiuliza ni nani anayesema: mwenye mamlaka anayeweka sheria, au mtu anayejali na hajui litakalotokea? Wafadhili wale hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya Kidato cha Kwanza. Hilo peke yake lingetosha kunizindua.

Yapo maandiko yaliyonisaidia kulibeba jambo hili. Dominika ya tatu ya Majilio, mwaka A, tunasoma habari za Yohane Mbatizaji akiwa gerezani, anapowatuma wanafunzi wake kumuuliza Yesu kama ndiye anayengojewa au wamtazamie mwingine. Katika Kiingereza wafasiri wengi wameandika kwamba ni yule ambaye "is to come", maneno yanayobeba ahadi na mpango ndani yake. Kigiriki cha Mathayo kina neno moja tu lenye maana ya "mwenye kuja", na Biblia ya Kiswahili inasema "ajaye". Ni muundo ule ule wa "mwaka ujao" na "wiki ijayo". Hauna wakati uliopita wala ujao. Unasema tu kwamba anakuja. Hapo lugha yetu imesimama karibu na Kigiriki kuliko Kiingereza. Lakini kinachonigusa zaidi ni Yohane mwenyewe. Alikuwa nabii, alikuwa amemwonyesha kwa kidole, na bado hakuona aibu kutuma watu wakaulize.

Mimi niliona aibu kuuliza. Ukweli wote ndio huo. Niliogopa paroko asije akafikiri kwamba frateri hajui "may".

Jumuiya ndogo ndogo za pale zilichanga baada ya Pasaka. Hazikuwa fedha nyingi, lakini zilitosha godoro, sare na chumba. Binti alirudi mwezi wa sita na akaanza Kidato cha Kwanza Januari iliyofuata, akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mzima. Kwa wazazi wa wale saba nilikwenda pia, nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwamba tumaini nililowapa halikuwa na msingi. Zile ndizo ziara ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ndugu waseminari, falsafa na teolojia tunasoma kwa Kiingereza, na watu wetu wanatungojea na Kiswahili, Kinyamwezi na Kisukuma. Kardinali Lavigerie aliwataka wamisionari wake, ambao walifika Tabora mwaka 1878, wajifunze lugha za watu waliotumwa kwao. Sisi tumezaliwa ndani ya lugha hizo, na hatari yetu ni nyingine: kudhani kwamba lugha ya kitabu inatosha. Ukipewa barua usiyoielewa vizuri, iandike kwanza kwa Kiswahili chako. Ukikwama, umekwama mahali pazuri. Muulize aliyeandika, kisha muulize na bibi aliyeketi nje ya nyumba yake. Na mnapomwombea kila mtu aliyebaki nje ya orodha ya mtu mwingine, mniombee na mimi niliyeiandika orodha.