Neno juu ya kalamu ya risasi

Kuna vitu tunavyovishika kila siku bila kujiuliza jina lake limetoka wapi. Kimojawapo ni kile kijiti cha kuandikia ambacho watoto wetu, huku mashariki ya Kongo, hukiita kreyo. Wengine husema penseli. Vitabuni tunasoma kalamu ya risasi. Kitu ni kimoja, majina ni matatu, na kila jina lina habari yake.

Kreyo ni neno la Kifaransa, nalo limezaliwa na neno la chaki, ijapokuwa ndani ya kreyo hamna chaki hata punje. Penseli tumeipata kwa Waingereza, lakini asili yake ni Kilatini. Kilatini kidogo tulichofundishwa seminarini chatuambia kwamba penicillus ni mkia mdogo, halafu likawa jina la brashi ya mchoraji. Neno hilo lina mtoto mwingine mnayemjua. Mwaka 1928 daktari Alexander Fleming aliona ukungu unaoua vijidudu. Ukungu wa namna ile ulikuwa umekwisha kuitwa Penicillium, kwa kuwa umbo lake lafanana na brashi. Basi dawa yake ikaitwa penisilini. Kumbe kijiti cha shuleni na sindano ya dispensari ni watu wa ukoo mmoja!

Na kalamu ya risasi? Kalamu tumeipokea kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki, ambao kwao maana yake ni tete. Risasi ni yale madini mazito na laini. Wazungu nao walidhani hivyo: Waflamandi husema potlood, Wajerumani Bleistift, na majina yote mawili yana risasi ndani yake. Sababu ni hii: katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, Uingereza, walipata mawe meusi yanayoacha alama, wakafikiri ni namna ya risasi. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele akaonyesha kwamba ni kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa. Almasi za Mbuji-Mayi nazo ni kaboni. Mwaka 1789 mawe hayo yakapewa jina la grafiti, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika.

Lakini huku kwetu neno risasi lina maana nyingine, na watoto huijua hiyo kwanza. Siku moja tuliandika ubaoni maneno «kalamu ya risasi». Mtoto mmoja, ambaye jamaa yake ilikimbia kijiji chao usiku, akauliza: «Mwalimu, na hii nayo inaua?» Wenzake hawakucheka. Tulichonga kreyo kwa wembe mbele yake, tukamtilia ule unga mweusi kidoleni. Akaupaka katika karatasi, akautazama sana. Halafu akaomba kreyo yenyewe.

Swali lake halikuwa la kipumbavu. Zamani mawe yale ya Borrowdale yalipakwa ndani ya kalibu za kutengenezea risasi za mizinga. Jiwe moja lilitumikia vita na maandishi. Na mwaka 1795, Ufaransa ilipokuwa vitani na kukosa mawe ya Uingereza, Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, akauoka motoni. Kreyo zetu za leo hutengenezwa kwa njia hiyo: udongo ukizidi, kreyo huwa ngumu, ukipungua, huwa laini na nyeusi.

Tazameni sasa kazi zake. Seremala huichomeka nyuma ya sikio. Yake ni bapa, isibingirike juu ya mbao. Wanawake wana kreyo yao ya nyusi. Sisi makatekista twaandika kwayo majina ya wakatekumeni, kwa sababu leo jamaa moja yafika, kesho nyingine yahama. Hufuta jina, na jamaa ikirudi twaliandika tena pale pale. Siku ya ubatizo padri huliandika kwa wino. Naye Mtakatifu Teresa wa Kalkuta alipenda kujiita kalamu ndogo ya namna hii mkononi mwa Mungu: kijiti hakijisifu kwa barua iliyoandikwa.

Basi, ninyi wazazi, mtoto akiwaomba kreyo, msiseme ni kitu kidogo. Katika nchi ambamo watoto wengine wametiwa bunduki mikononi, ni jambo kubwa mtoto kuomba risasi ya namna hii. Mnunulieni, mumchongee vizuri, na jioni mkae naye mtazame alichoandika. Kama hamjui kusoma, mwambieni awasomee.