Karatasi Aliyoitia Sahihi Dada Yangu

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu wa sheria haki za uzazi kana kwamba ni haki moja tu, ya kutozaa. Nilieleza habari za uzazi wa mpango na sheria za utoaji mimba, kisha nikafunga daftari. Aliyenitikisa ni Dorothy Roberts, mwanasheria Mmarekani mweusi ambaye ni profesa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Mwaka 1991, katika jarida la Harvard Law Review, Roberts aliandika juu ya wanawake walioshtakiwa kwa kutumia dawa za kulevya wakiwa wajawazito. Wengi wao walikuwa weusi na maskini. Hoja yake ni kwamba waliadhibiwa hasa kwa kuamua kuzaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1997, Killing the Black Body, aliifuatilia hoja hiyo tangu enzi za utumwa hadi vipandikizi vya Norplant, ambavyo baadhi ya wanasiasa walitaka wanawake waliotegemea msaada wa serikali walipwe fedha ili wawekewe.

Nikisoma hayo nilimkumbuka dada yangu. Alipokuwa akijifungua mtoto wa nne, katikati ya uchungu, alipewa karatasi ya Kiingereza, akaitia sahihi. Miaka miwili baadaye, alipokwenda kuuliza mbona hashiki mimba, akaambiwa kuwa kizazi kilifungwa siku ile. “Si ulikubali mwenyewe?” muuguzi alimwuliza. Nasi ndugu zake, nikiwamo mimi niliyesomea sheria, tulimwambia ashukuru, kwani wanne wanatosha. Naikiri aibu hiyo hapa kwa sababu kwake sijapata kuikiri.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliwapa ushindi wanawake watatu wenye virusi vya Ukimwi waliofungwa kizazi. Majaji waliona kwamba sahihi zilizochukuliwa wakati wa uchungu hazikuwa ridhaa ya kweli. Niliichapisha hukumu hiyo, nikampelekea dada, nikamfasiria aya kwa aya. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mdogo wangu,” akasema, “na hao walizaa tena?”

Nikamjibu kwamba hukumu haisemi.

Akazikunja karatasi, akaziweka juu ya kabati, kisha akaniuliza kama nimekula.