Spika ya Mbele, Spika ya Nyuma

Nimeacha kazi ya matangazo, na kilichonishikisha kalamu ni vijana wa mtaani kwangu wanaosema kuwa siku hizi bila kiki hujulikani. Eti msanii azushiwe kwanza ndoa, ugomvi au mimba, ndipo wimbo utoke. Nina neno nao.

Utotoni hakuna la kusimulia: Kilosa, darasa la saba, treni hadi Dar es Salaam kwa mjomba, Keko. Mjomba akanipeleka kwa mzee mmoja wa Ilala mwenye gari la matangazo, nikawa utingo wake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Redio ilikuwa moja, Redio Tanzania, na televisheni huku Bara ilikuwa bado sana. Juwata Jazz, yaani Msondo, au Mlimani Park, ndiyo Sikinde, wakitaka ukumbi ujae Jumamosi, Landrover kama yetu ilizunguka mitaani.

Mzee alifunga spika mbili za pembe, moja ikitazama mbele, nyingine nyuma. Wengi walizielekeza zote mbele. Yeye alisema mtu aliye ndani, mpaka avae kandambili na kutoka mlangoni, gari limeshampita; basi na mgongo wa gari useme. Sentensi zake zilikuwa fupi, kwa sababu hata ukienda mwendo wa miguu, mtu anakusikia vizuri kwa nyumba tatu nne tu. Bendi gani, ukumbi gani, siku gani, kiingilio kiasi gani. Halafu tena. Wala hakupayuka, maana spika ya pembe haina besi. Ukipiga kelele hutoka mkwaruzo mtupu.

Akifika kwenye kona yenye watu, kijiwe cha kahawa au foleni ya bomba, alizima kaseti ghafla akanyamaza. Shingo zote zikageuka. Hapo ndipo alipoanza, taratibu: "Wakazi wa Buguruni, shikamooni wakubwa." Kuhusu kunyamaza huku nimebishana na madereva wa magari ya matangazo hadi leo. Wao wanasema ni kupoteza petroli. Mimi nasema mtu aliyezoea kelele huwezi kumwamsha kwa kelele. Siku hizi wanarekodi tangazo kwenye flashi, wanalizungusha kutwa na gari linakimbia. Nani amesikia? Dereva peke yake.

Kulikuwa na promota mmoja, leo anaitwa mheshimiwa, aliyetaka tumtangaze mwanamuziki maarufu kutoka Zaire. Mzee aliuliza swali moja: "Amefikia hoteli gani?" Promota akababaika. Mzee akarudisha fedha juu ya meza, na siku hiyo hatukula nyama. Gari jingine likaichukua kazi. Ukumbi ulijaa kweli, mgeni hakutokea, viti vikavunjwa. Wiki iliyofuata tulipita Manzese na tangazo la haki, la bendi iliyokuwepo, tukazomewa sisi. Promota yule alipata umati wa usiku mmoja, na gharama tukailipa wote tulioishi kwa kipaza sauti.

Vijana hunijibu kwamba hata upinzani wa Msondo na Sikinde ulikuwa kiki. Upinzani ule ulijaza kumbi, sikatai, na sisi wenye spika tuliuchochea makusudi. Lakini aliyekuja kuona nani zaidi alikuta magitaa, tarumbeta na waimbaji hadi majogoo. Hassan Bitchuka aliimba pande zote mbili. Akihama, tulitaja jina lake na ukumbi, basi. Hakuna aliyehitaji kumzushia talaka. Sasa hivi mtu anamjua msanii, nguo zake na mchumba wake, ila ukimwomba akuimbie ubeti mmoja hana.

Kwa hiyo wewe kijana unayepewa kazi ya kutangaza onyesho, iwe kwa gari au kwa simu: kabla hujasema neno, nenda kamwone msanii kwa macho yako. Kama hayupo, rudisha advansi.