Bonde la Kilombero: Anayejua kupima mpunga asishindwe na bei ya pete

UKITOKA Mikumi kwenda Ifakara, barabara inapita kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, kisha inafuata miguu ya milima ya Udzungwa. Kulia ni msitu na maporomoko ya Sanje. Kushoto ni tambarare inayoshuka taratibu hadi Mto Kilombero, na sehemu kubwa ya tambarare hiyo ni mpunga.

Mavuno yakianza kuingia, hesabu za kila nyumba zinafanywa kwa magunia. Kuna gunia la ada, la deni la mbolea na la kuezeka nyumba. Harusi nazo husubiri wakati huo, kwa kuwa ndipo fedha inaonekana. Kijana anayeoa anatazama pete za almasi kwenye simu, na wazazi wanaombwa waongeze kidogo.

Bondeni hakuna mgodi wa almasi. Almasi ya Tanzania inajulikana zaidi kwa Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako Mkanada John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940. Mwaka 1947 lilipatikana huko jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, likatolewa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Lilipokatwa na kung'arishwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilipotea kwa fundi.

Mzazi wa Ifakara ana sababu ya kulikumbuka hilo. Ukivuka daraja la Magufuli lenye mita 384 na kupanda hadi Mahenge, unafika kwenye nchi ya rubi na spineli. Mwaka 2007 katika kijiji cha Ipanko yalichimbwa mawe makubwa ya spineli yaliyoitangaza Mahenge kwa wafanyabiashara wa vito duniani. Kwa hiyo si ajabu mtu kunong'onezwa stendi kwamba kuna jiwe la bei ya chini. Jiwe ghafi halina bei mpaka mtaalamu alipime, na kuuza au kununua madini bila leseni ni kosa kisheria. Wenye leseni wanafanya biashara kwenye masoko ya madini.

Lumbesa ya sonara

Kila mkulima wa Kilombero anaijua lumbesa. Mnunuzi anajaza gunia mpaka linavimba juu, analishonea kofia, halafu analipa bei ya gunia moja. Dawa yake ni mizani: uza kwa kilo, gunia libaki kuwa chombo cha kubebea tu.

Pete nayo ina lumbesa yake. Muuzaji anataja bei moja ya pete nzima, na mnunuzi anaanza kuomba apunguziwe bila kujua anapunguziwa kwenye nini. Njia ya haki ni kuomba bei tatu: ya dhahabu, ya jiwe na ya ufundi. Dhahabu inapimwa kwa gramu, na bei yake ya siku inaweza kuulizwa kwa sonara mwingine. Ufundi ndio wenye nafasi kubwa ya kupunguzwa. Jiwe ndilo linalohitaji maswali mengi.

Neno karati huwachanganya wengi, kwa sababu lina maana mbili. Kwenye dhahabu linaeleza usafi: karati 24 ni dhahabu tupu, karati 18 ni robo tatu dhahabu na robo metali nyingine. Kwenye almasi linaeleza uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Anayeambiwa "hii ni karati 18" ameelezwa dhahabu, bado hajaambiwa lolote kuhusu jiwe.

Bei ya almasi hutokana na mambo manne: uzito, rangi, usafi wa ndani na ubora wa ukataji. Bei huruka jiwe likifika namba kamili, hivyo jiwe la karati 0.9 linaweza kuwa nafuu kuliko la karati 1, na kwa macho tofauti haionekani. Jiwe la bei kubwa liwe na cheti cha maabara ya vito chenye namba inayoweza kuhakikiwa. Kulipulizia pumzi au kukwaruzia kioo hakutoshi. Hata kipimo kidogo cha joto ambacho masonara wengi hutumia kinaweza kuidhania moisanaiti kuwa almasi.

Swali jingine ni kama almasi imechimbwa au imetengenezwa maabara. Zote mbili ni almasi kweli, lakini ya maabara ni rahisi zaidi. Kuinunua si aibu. Hasara ni kuilipia bei ya ile ya mgodini.

Kwenye kaunta

Kabla ya kutoa fedha, pitia maduka matatu, Morogoro au Dar es Salaam, ukiuliza pete za aina moja. Usitaje bajeti kabla ya kutajiwa bei. Pete isivalishwe kidole cha mchumba mpaka bei ikubaliwe. Ikishavaliwa na watu wakashangilia, mazungumzo yamekwisha. Uliza "bei ya mwisho" pale tu ambapo uko tayari kuondoka. Risiti iandikwe gramu za dhahabu, karati zake, uzito wa jiwe na aina yake.

Muuzaji naye ana haki ya kula. Ana kodi, fundi na ulinzi wa kulipia. Bei ya haki ni ile ambayo kila upande unaweza kuieleza.

Kabla ya yote hayo, familia ikubaliane kiwango, na kiwango hicho kitokane na ghala. Pete ya almasi ikirudishwa dukani kuuzwa, mara nyingi hupata fedha pungufu sana ya iliyonunuliwa, kwa hiyo si akiba. Miezi ya masika, kabla ya mpunga mpya, ndiyo debe la chakula hupanda bei, na mtoto akipata homa usiku nauli ya hospitali haisubiri mavuno. Gunia la chakula, la mbegu na la matibabu yawekwe pembeni kwanza. Linalobaki ndilo liende kwa sonara, na kama linatosha pete ya fedha isiyo na jiwe, ndoa itafungwa vilevile.