Rangi Kumi za Rezista

Kiswahili huzaliwa vitabuni, na huzaliwa pia juu ya meza ya fundi. Hicho cha pili nimekifahamu vyema zaidi tangu nilipostaafu kufundisha fizikia. Hapa Gairo, upepo wa milima ya Ukaguru unapotufungia ndani, mimi hufungua redio kuukuu, nikayeyusha risasi, nikaunga waya na kuvipa vyombo vilivyotupwa kazi mpya.

Lugha ya meza hiyo ni ya masikio. Redio "inayokoroma" mara nyingi ina kapasita iliyochoka kusafisha umeme. "Inayokwaruza" unapozungusha kitufe cha sauti huwa imeingia vumbi. Betri "iliyoisha moto" wazee wetu waliianika juani, na redio ikaamka kwa muda, kwa kuwa joto huchangamsha kemikali zilizosalia. Aliyeyachagua maneno hayo alisikiliza kwanza, kisha akataja. Mshairi naye hafanyi zaidi ya hapo.

Na redio yenyewe ilikwisha kuwa shule yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi nchini kote kuyasikiliza na kuyajadili masomo ya afya yaliyotangazwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema kwamba vijidudu na malaria ni mambo mazito mno kwa lugha hiyo.

Hayo yalinirudia akilini mwaka jana, kijana wa jirani aliponiletea redio ya kaseti ya marehemu babu yake. Alikuwa ameitoa mashine ya kaseti na kutia ndani kibao cha bluetooth na amplifaya ndogo, vikitumia volti 5 za chaja ya simu. Ilicheza vizuri. Alichoshindwa ni kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba imewashwa: alikwisha kuunguza vitatu.

"Shikamoo, Mwalimu. Hizi rezista zina rangi za nini?"

Rezista hukinza mkondo wa umeme, na kwa kuwa ni ndogo mno kuandikwa tarakimu, huvishwa pete za rangi. Pete mbili za kwanza ni tarakimu. Ya tatu ni idadi ya sifuri zinazofuata. Wanafunzi wengi hukariri rangi hizo kwa sentensi ya Kiingereza, ambayo herufi za mwanzo za maneno yake ndizo herufi za mwanzo za rangi. Kijana huyu aliishia darasa la saba. Sentensi hiyo kwake ni kelele tu.

Nilijaribu kumtungia ya Kiswahili, na hapo nikakutana na kizuizi cha kuvutia. Nyeusi, nyekundu, njano na nyeupe zote huanza na N. Kahawia, kijani na kijivu zote huanza na K. Herufi za mwanzo hazisaidii kitu. Lakini lugha yetu ina chombo cha kumbukumbu kilicho bora kuliko herufi: ina vina na mizani. Usiku ule nikatunga:

Nyeusi ndiyo sifuri, kahawia huwa moja,
Mbili nyekundu dhahiri, chungwa tatu, si kioja,
Njano nne, ukariri, kijani na tano yaja,
Buluu sita, fikiri, zambarau saba, taja,
Kijivu nane, tayari, nyeupe tisa, pamoja.

Wajuzi wa arudhi wataona maneno yaliyoingizwa kutimiza kina. Nayaacha, maana ubeti huu ni chombo cha kazi. Asubuhi yake kijana aliukariri mara nne, akainama juu ya kopo la vipuri akinong'ona. Akaibuka na rezista ya chungwa, chungwa, kahawia: tatu, tatu, na sifuri moja. Omu 330. Kitaa kikawaka, na hadi leo hakijaungua.

Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Tangu hapo nimesikia hoja nyingi kwamba lugha yetu haina istilahi za sayansi. Istilahi ni rahisi kupata: transista na dayodi zimekwisha kuingia na kuvaa irabu zetu, na mkondo tuliuazima mtoni. Kinachopungua ni watu wa kuzifunga istilahi hizo katika matamshi yanayokaa kichwani mwa mtoto. Wazee walizihifadhi hesabu za urithi, majira ya pepo na nasaba kwa tungo. Ufundi huo ni wetu sisi tunaosoma ukurasa huu.

Basi, ndugu malenga, nawaachia kazi. Pete ya nne ya rezista huonyesha usahihi wake: dhahabu ni asilimia 5, fedha ni asilimia 10. Ubeti wa pili haujatungwa, na kijana ameshauulizia.