Zamu ya Maji

Bahasha ilikuwa mkobani mwangu tangu uwanja wa ndege wa Zanzibar. Ndani mlikuwa na karatasi tatu na kalamu, kwa kuwa baba hapendi mtu asingizie kukosa cha kuandikia. Nyumba yetu ya Ng'ambo ilikuwa imebakiwa na warithi wawili: baba, na shangazi yake ninayemwita Bibi. Bibi alihamia Maskati mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Mnunuzi alikwishapatikana. Ilibaki saini moja, na sehemu ya fedha zile ingelipa ada yangu ya mwaka wa mwisho wa chuo. Hilo la ada sikumwambia Bibi.

"Karatasi hazikimbii," alisema siku ya kwanza, akanisogezea kahawa. "Ijumaa twende milimani kwanza."

Milima ya Hajar inaanzia Musandam na kuishia karibu na Ras al-Hadd, yapata kilomita 700, na ukiwa barabarani huoni hata jani. Mawe ya kahawia, mawe ya kijivu, mawe meusi kama yaliyoungua. Sehemu kubwa ya mawe hayo ilikuwa sakafu ya bahari kabla ya ardhi kuyanyanyua. Maskati hupata kama milimita 100 za mvua kwa mwaka. Masika ya Unguja peke yake huzidi hapo mara kadhaa. Niliwauliza binamu zangu maji yanatoka wapi. Mmoja akanijibu kwamba mvua kidogo inayonyesha huko juu hunywewa na nyufa za mawe ya chokaa, halafu hutokeza chini, makorongoni, polepole, hata miezi mvua ikiwa imekwisha kusahauliwa.

Makorongo hayo huyaita wadi. Tulianza na Wadi Shab. Mwendeshaji boti alituvusha kidimbwi chini ya daraja la barabara kuu, Bibi akabaki kivulini na chupa yake ya chai. Tulitembea karibu saa nzima kati ya kuta za mawe, mara kwenye kokoto, mara kwenye ukingo mwembamba wa mfereji, hadi njia ikaishia majini. Maji ya kijani, angavu, unaona mpaka vidole vya miguu. Huko mbele, binamu zangu walisema, kuna ufa unaopitisha kichwa tu, na nyuma yake pango lenye maporomoko.

Mimi ni mtoto wa kisiwani nisiyejua kuogelea. Wavulana wa mtaani kwetu walikuwa wakijirusha baharini pale Forodhani kila alasiri. Sisi wasichana tulishika viatu vyao. Basi nilibaki maji yakinifika kifuani, samaki wadogo wakinidonoa miguu, nikisikiliza vicheko vya wenzangu vikirudi na mwangwi kutoka ndani ya mwamba. Nilikasirika kuliko nilivyotarajia. Pia niliogopa. Njiani walikuwa wamenisimulia Aprili 2024, wanafunzi waliosombwa na mafuriko wakiwa ndani ya gari. Mvua hunyesha mbali mlimani, wewe uko chini ya jua kali, na maji yanakuja. Kila baada ya dakika chache nilitazama juu, kwenye ule utepe wa mbingu.

Bibi alikuwa na safari yake mwenyewe: Wadi Tiwi, korongo la jirani, ambako gari hupanda hadi vijijini kwa njia isiyoweza kupitisha magari mawili. Kule kuna mitende, migomba na miembe. Ningefumba macho ningedhani niko shamba kwetu. Tuliteremka penye falaji, mfereji wa mawe usiozidi upana wa dhiraa moja, maji yakipita mbio bila kelele.

"Hapa alizaliwa babu yangu," alisema, akakaa na kutumbukiza miguu.

Maji ya falaji yana wenyewe. Zamu hupimwa kwa athar, nusu saa. Zamani mchana walitazama kivuli cha kijiti, usiku nyota. Zamu hurithiwa, hukodishwa, huuzwa, mbali kabisa na shamba.

"Alikuwa na athar mbili. Akaingia deni, akaziuza. Shamba likabaki lake, mitende yake, na maji yanapita pale pale mbele yake kwenda kwa mwenziwe." Alinyoosha kidole kwenye kipande kilichojaa mawe. "Misimu miwili tu. Kaskazi ilipovuma akapanda jahazi la Sur, akaja Unguja. Hakufukuzwa na mtu."

Nikadhani sasa atataja nyumba. Hakutaja.

"Kile kisima cha uani bado kina maji?"

"Kimefunikwa zege, Bibi. Baba anasema maji yaliingia chumvi."

"Aliyaonja lini?"

Sikujua. Nimeishi nyumba ile miaka ishirini na mbili, nimeanika nguo juu ya zege lile, sijawahi kujiuliza. Nikamwambia hilo, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua kinywa, nikamwambia na la ada.

"Ungesema tangu Jumanne," alijibu, akafuta miguu kwa ncha ya mtandio.

Garini aliomba bahasha. Alisoma karatasi zote tatu, kidole kikifuata mstari, wakati gari likiteremka na sote tumenyamaza. Kisha akazikunja zilivyokuwa, akanirudishia, na kalamu akaitia mkobani mwake.

"Ada yako tutaizungumza nyumbani, mimi na wewe," alisema. "Na baba yako mwambie aje mwenyewe. Kwanza afunue kisima, aniletee chupa moja. Kalamu yake ninayo."