Utabiri na Makisio

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, na kwa muda mrefu niliamini kuwa mtu mwenye kamusi nzuri hashindwi na karatasi yoyote. Imani hiyo ilinitoka mwezi wa Juni, mwaka 2022, nilipopewa karatasi moja, isiyozidi mistari ishirini, nimsomee mjomba wangu. Kosa nililofanya siku hiyo si jambo la kujivunia. Nalisimulia kwa kuwa watu waishio kwa maneno wana deni la kuungama pale maneno yao yanapojeruhi.

Mjomba ni mkulima na mfugaji wa upande wa mashariki ya Dodoma. Uwanda huu wa kati ni nchi kavu. Mvua huanza Desemba ikakoma Aprili, na kwa wastani wa miaka haifiki milimita 600. Kwa hiyo lambo ni hazina kuu ya kijiji: ng'ombe hunywa hapo, kina mama huchota hapo, na watoto hucheza humo mchana kutwa. Mjomba naye alikuwa mtoto wa lambo. Yeye na wenzake walikojoa damu, wakadhani ni alama ya kukua, wakacheka na kushindana. Kumbe kilikuwa kichocho.

Mnyoo wa maradhi hayo ulitambuliwa Cairo mwaka 1851 na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz. Hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji yaliyotulia, kisha humwingia mtu kwa kupenya ngozi, ukaenda kukaa katika mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu. Mayai yake hunasa katika ukuta wa kibofu. Ukuta hujeruhiwa ukapona, ukajeruhiwa tena ukapona tena, mwaka baada ya mwaka, na katika ukarabati huo usiokwisha baadhi ya seli husahau mipaka yao. Ferguson aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu huko huko Misri mwaka 1911. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, liliuweka mnyoo huo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Saratani itokanayo na kichocho aghalabu ni ya seli bapa, mithili ya magamba. Si ile iliyozoeleka Ulaya, ambayo mwenzi wake mkubwa ni tumbaku.

Hiyo ndiyo iliyomshika mjomba uzeeni. Karatasi ya maabara ilitaja aina ya seli, ikataja kina cha uvimbe, kisha chini kabisa ikataja protini mbili: p53 na Ki-67. Ya pili ilikuwa na hesabu kando yake: 60 katika 100.

Leo naweza kueleza hesabu hiyo. Mtaalamu hukata kipande cha nyama, chembamba kuliko karatasi, akakitia kingamwili zilizoundwa kushika protini moja tu. Protini ikiwapo, rangi ya kahawia hutokea, naye huhesabu kwa hadubini viini vya seli vilivyopata rangi. Ki-67 ilitangazwa mwaka 1983 na wataalamu wa mji wa Kiel, Ujerumani, ambao herufi zake mbili za kwanza ndizo zilizoipa jina. Huonekana katika seli zilizo katika mwendo wa kugawanyika. p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ni mlinzi wa seli. Seli ikiharibika, mlinzi huizuia isizae mpaka itengenezwe, au huiamuru ife. Mlinzi mzima hudumu kitambo kidogo akavunjwavunjwa. Mlinzi aliyeharibika mara nyingi hujilundika katika kiini, bila kufanya kazi, na rangi humfichua.

Siku ile sikujua hata moja la hayo. Nilifungua intaneti, nikaona kuwa wingi wa protini hizo hufuatana na neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kujua mbele. Kamusi ikanipa neno la Kiswahili: utabiri. Nilifurahi, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Karatasi yasemaje, mpwa wangu?" aliniuliza mjomba.

"Mjomba, karatasi inatabiri vibaya."

Hakulia wala hakuuliza zaidi. Juma lile aliwaita wanawe akawagawia ng'ombe, akalipa madeni, akawaonyesha mahali pa kuchimba kaburi. Hospitali ilipomwita kwa upasuaji, alikataa. Alisema mtu aliyekwisha kutabiriwa kifo hapasuliwi. Gharama hiyo na iwe karo ya wajukuu. Hivyo ilipita miezi miwili.

Daktari aliyemtibu, binti mwenye umri wa wanafunzi wangu, aliniita faragha. "Mwalimu," alisema, "umemwambia nini mzee?" Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akanifundisha kwa upole ambao sikuustahili. Alisema kuwa p53 imechunguzwa katika saratani ya kibofu kwa miongo mingi, na majibu ya watafiti yamegongana: maabara hii huhesabu hivi, ile huhesabu vile, hawa waliona hatari, wale hawakuiona. Hakuna protini moja iliyopewa mamlaka ya kumhukumu mgonjwa peke yake. Aliloliuliza yeye kwanza ni kina: je, uvimbe umezama hadi kwenye msuli wa kibofu? Umetoka nje yake? Umefika kwenye tezi? Wa mjomba ulikuwa umefika kwenye msuli, lakini picha hazikuonyesha kuwa umevuka kibofu. Wakati wa kuutoa ulikuwa ndio huo, nao ulikuwa unapita.

Neno "kuzama" lilinichoma. Wazee husimulia kuwa jina la Dodoma latokana na neno la Kigogo lenye maana hiyo hiyo, kwa ajili ya tembo aliyedidimia kwenye tope la mto. Nimeishi katika mji wenye jina hilo, nikaisoma karatasi, nikauruka mstari wa kina, nikakimbilia mstari wa utabiri.

Nilikwenda kijijini. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Nilimwambia kuwa nimekosea, na kuwa hesabu ile hupata maana yake kwa watu wengi waliougua kama yeye, wala haimjui yeye. Alitazama shamba lake lililokwisha kuvunwa.

"Kumbe ni makisio," alisema. "Bwana shamba huja kabla ya mavuno, hutazama mtama wa kata nzima, akaandika magunia. Mwaka mmoja kata ikapata nami nikakosa. Mwaka mwingine kata ikakosa nami nikapata. Si mwongo yule. Lakini sijaona mtu aliyeacha kupalilia kwa sababu ya makisio. Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Alipasuliwa Septemba. Kibofu kilitolewa, na mkojo sasa hupokewa katika mfuko ubavuni. Mwanzoni aliuonea haya; siku hizi huufunika kwa shuka na kwenda mnadani. Yu hai. Madaktari hawamwahidi kitu, naye hawadai. Iliyobaki ni miezi ile miwili. Hakuna ajuaye ilimgharimu nini, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Tangu hapo huwaambia wanafunzi wangu kuwa tafsiri haikamiliki kwa kupata neno sawa, maana kila neno huja na ukoo wake. Utabiri ni wa ukoo wa manabii na wapiga ramli: ukishatamkwa, msikilizaji hubaki kungoja. Ubashiri ni ndugu wa bishara, nayo asili yake ni habari njema. Makisio ni ya ukoo wa shamba: hukubali kuwa yanaweza kukosea, na humwachia mtu jembe mkononi. Wasemao kuwa dalili ya mvua ni mawingu wamesema kweli. Lakini sisi wa Dodoma tumeona mawingu mengi yakipita bila tone, na bado tumepanda.

Watoto wa kijiji kile wangali wanaogelea lambo. Siku hizi wapo wanaopewa shuleni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo huua mnyoo kwa gharama ndogo. Hao, yamkini, hawatahitaji mtu wa kuwasomea karatasi. Lakini atakayeihitaji, namwombea msomaji anayeuliza kwanza, kisha akasema.